Rangi nne tu kwa Ndia Kuu: naomba ushauri

Wachoraji wenzangu, hamjambo. Nachora Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale wa Mombasa, asubuhi baada ya mvua: roshani za mbao, mkokoteni wa mitungi ya maji, njia inang'aa. Nimejibana na rangi nne za mafuta: nyeupe, manjano ya udongo, kahawia ya udongo uliochomwa na buluu ya ultramarini. Buluu na kahawia hunipa kijivu kizuri, cha baridi au cha joto nipendavyo.

Shida ni kule mwisho wa njia. Nyumba za mbali zanijia mbele badala ya kufifia. Niliongeza nyeupe, zikawa kama zimepakwa chokaa jana! Nilainishe kingo, au nizidishe buluu? Na kuna mlango wa kijani. Manjano na buluu zangu zanipa rangi ya mchicha uliolala. Niuache hivyo?