Cherehani ya dada yangu imeuzwa 260,000, karatasi ya mkopeshaji inasema 120,000

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, ila nimejitahidi kuweka kila tarakimu mahali pake ili asije mtu akasema namtetea mdaiwa sugu. Dada yangu ni fundi cherehani hapa Morogoro, eneo la Kihonda. Alikopa shilingi 1,000,000 kwenye taasisi moja ya mikopo ambayo sitaitaja, kwa makubaliano ya marejesho 24 ya kila wiki, kila rejesho shilingi 54,000, na mimi ndiye niliyesaini kuwa mdhamini wake. Marejesho 17 ya kwanza aliyalipa bila kuchelewa. Mwanawe alipolazwa akakwama wiki tatu mfululizo, na wiki ya nne, saa 1 asubuhi, kirikuu ikasimama mlangoni.

Waliteremka afisa mikopo, vijana wawili na mtu aliyejitambulisha kuwa dalali, ambaye hakuonyesha kitambulisho wala barua yoyote, na mwenyekiti wa mtaa hakuwa na habari. Walianza na friji. Humo mlikuwa na barafu za ubuyu anazowauzia watoto wa shule, wakazimwaga uani. Wakachukua televisheni, kisha wakabeba cherehani ikiwa na sketi ya mwanafunzi ambayo bado ilikuwa imebanwa chini ya sindano, pindo moja likiwa halijamalizika. Dada aliwaomba angalau waitoe ile sketi kwa sababu ni mali ya mtu mwingine, wakamwambia ataifuata ofisini. Hadi leo hajaipata, na mzazi wa yule mtoto amekwisha kuja mara mbili.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo sibishani nalo, na fomu ya dhamana tuliisaini wenyewe. Ninacholalamikia ni hesabu ya baada ya kukamata. Wiki tatu baadaye dada aliitwa ofisini akapewa karatasi moja, haina muhuri, inayosema kwamba alikuwa anadaiwa shilingi 518,000: marejesho saba yaliyobaki, yaani 378,000, yakiwamo na yale manne ambayo siku zake zilikuwa bado hazijafika, faini 60,000, na kitu kinachoitwa gharama za ufuatiliaji, 80,000. Chini yake imeandikwa kwamba mali zimeuzwa kwa mnada: friji 150,000, televisheni 100,000, cherehani 120,000, jumla 370,000, na kwa hiyo bado anadaiwa 148,000. Mnada huo ulifanyika wapi, siku gani, nani walishindana bei na nani alinunua, karatasi haisemi. Hakuna tangazo lililobandikwa mtaani kwetu, na gari la matangazo halikupita.

Sasa tazameni fomu waliyoijaza wao wenyewe siku ya kutoa mkopo. Afisa yule yule alikaa sebuleni kwa dada, akavikagua vitu kimoja kimoja na kuandika kwa mkono wake: friji 400,000, televisheni 300,000, cherehani 350,000. Jumla ni 1,050,000. Miezi michache baadaye vitu vile vile vimegeuka kuwa vya 370,000. Siku ya kukopesha mali ina thamani, siku ya kuuza ni chakavu.

Huenda tungemeza hata hilo, kama si kilichotokea mwezi uliopita. Nilikuwa Msamvu kwa shughuli zangu nikaiona cherehani hiyo barazani kwa fundi mwingine. Niliitambua bila shaka yoyote, kwa sababu droo yake ya kushoto niliiziba mimi mwenyewe kwa kipande cha bati cha ndoo ya rangi. Yule mama aliyeinunua hana kosa lolote, na alikuwa muungwana kuliko wote niliokutana nao katika jambo hili. Alinionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake: shilingi 260,000, na jina la aliyepokea si la taasisi wala la dalali, ni la afisa mikopo. Hakuhudhuria mnada wowote, alipigiwa simu tu kwamba kuna cherehani inauzwa. Tofauti ya 260,000 na 120,000 ni 140,000. Dada anadaiwa 148,000. Kwa maneno mengine, karibu deni lote lililobaki liko mfukoni mwa mtu anayekuja kulidai.

Nilipokwenda ofisini, meneja alinijibu bila hata kuinua macho: "Kaka, mteja alisaini mwenyewe kwamba mali ziuzwe." Ni kweli alisaini ziuzwe. Hakusaini zigawanywe.

Nimeuliza na kusoma kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikataza hata mahakama, inapokazia hukumu, kukamata vyombo vya kupikia, matandiko na zana za kazi za fundi. Mwanasheria wao atasema kinga hiyo ni ya ukazaji wa hukumu, si ya dhamana aliyoiweka mtu kwa hiari yake, na huenda hajakosea. Lakini inashangaza kwamba hakimu asichoweza kukigusa baada ya kusikiliza pande zote mbili, afisa mikopo anakibeba asubuhi kwa kirikuu. Mwenye nyumba iliyowekwa rehani naye ana pa kushika, maana Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana, na akiuza kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Mwenye cherehani je?

Taasisi za aina hii, zinazokopesha bila kupokea amana, ziko daraja la pili katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na leseni zao hutolewa na Benki Kuu. Kwa kuwa malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe kabla ya kufika huko, Ijumaa tumepeleka barua yetu, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tunataka vitu vitatu kwa maandishi: stakabadhi ya mauzo ya kila kitu ikiwa na jina la mnunuzi, leseni ya huyo dalali, na hesabu mpya ya deni inayoonyesha zile 260,000. Na sketi ya mtoto wa watu.

Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kupewa stakabadhi za mnada wa namna hii, naomba aeleze alizipataje na baada ya muda gani. Kesho asubuhi afisa huyo ameahidi kuja tena Kihonda kufuata 148,000, na safari hii nitakuwapo.