Safari ya siku moja kwa mtumbwi katika mto wa Mapopwe, Ghuba ya Chwaka: tupange siku gani?

Mpigakafi wa Mjini

Assalaam alaikum ndugu zangu. Sisi ni vijana sita tunaoishi Mjini, na tunakusudia kufanya safari ya siku moja kwa mitumbwi mwezi wa Oktoba, tukitokea diko (pahala pa kuegesha vyombo vya wavuvi) la Chwaka, kuingia mikokoni kwa mto wa Mapopwe, kisha kurudi siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Wanne kati yetu wamezoea kupiga kafi, wawili hawajui kuogelea vyema. Tunachokitaka hasa ni maji yanayokwenda mbio, kwa kuwa Unguja haina mito ya maporomoko kama ya bara, na tumesikia kwamba mto ule maji yake huenda kwa kasi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Jumamosi tuliyoiteua inaangukia siku ya mwezi mpevu. Je, siku hiyo inafaa? Na tuchukue ngalawa au mitumbwi mitupu?

Mwenyeji wa Chwaka

Waalaikum salaam. Nimefurahi kuona vijana wanauliza kabla ya kushuka pwani, kwa sababu safari hii ni nzuri mno ikipangwa, na ni ya hatari ikiachiwa bahati.

Siku ya bamvua haikufaeni, na sababu si kasi ya maji peke yake bali ni saa. Huku kwetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa saa kumi alfajiri hivi na saa kumi jioni, na hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Mkifika dikoni asubuhi ya siku hiyo mtakuta sehemu kubwa ya ghuba imekauka, kina mama wamo katika mashamba yao ya mwani, na mitumbwi imelala mchangani. Mtangoja hadi alasiri ndipo mpate maji ya kuingilia mikokoni, na yatakapogeuka jua litakuwa linakaribia kuzama. Kwa hiyo mtatoka gizani, na maji yote yaliyotandaa msituni yatakuwa yanatafuta njia moja tu ya kurudi baharini, nayo ni huo mto mliomo. Tofauti ya maji makuu na maji madogo siku za bamvua huzidi mita 3, ilhali siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni takriban mita 1 tu. Hapo mtaona ni maji mengi kiasi gani yanayopita katika mlango ule mmoja.

Basi iacheni Jumamosi hiyo, muufuate mwezi. Baina ya siku ya tisa na ya kumi na moja tangu mwezi kuandama, au baina ya siku ya ishirini na nne na ya ishirini na sita, maji hujaa mchana, kati ya saa sita na saa nane. Kwa kila siku inayopita, maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo kabla ya kuondoka thibitisheni kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, na mkumbuke kwamba ndani ya mto, mbali na mlango, maji huchelewa kugeuka kuliko huku nje. Tuseme maji yanajaa saa saba: ondokeni Chwaka saa nne, muingie na maji yanayojaa yakikusukumeni, mpumzike na mle ndani wakati maji yametulia, kisha muanze kurudi mara yanapogeuka. Mkondo huwa mkali zaidi saa la tatu na la nne baada ya kugeuka, kwani katika saa hizo mbili hupungua takriban nusu ya maji yote. Kwa kuwa mnao wawili wasioogelea vyema, wakati huo uwakute wameshatoka mtoni.

Ama chombo, chukueni mitumbwi. Ngalawa ina utulivu zaidi ghubani, lakini mirengu yake, yaani miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke, hunasa katika mizizi pale mto unapokuwa mwembamba, na kuinasua maji yakiwa yanavuta ni kazi kubwa.

Bint Pwani

Naunga mkono aliyoyasema mwenyeji, isipokuwa napenda kutilia mkazo hatari moja ambayo watu wa mjini hawaioni, nayo ni mizizi yenyewe. Maji hupita katikati ya mizizi ya mkoko, lakini mtumbwi na mtu havipiti. Katika kona, mkondo hukusukumeni upande wa nje, kwa hiyo anzeni kukata kuelekea upande wa ndani mapema. Mtumbwi ukibanwa ubavu kwenye mizizi, inamieni upande wa mizizi hiyo, wala si upande maji yanakotoka, kwa maana mkiinamia huko maji hupanda juu ya ukingo na kukipindua chombo mara moja. Aliyeanguka asijaribu kusimama penye mkondo, kwani mguu hunasa topeni na maji yakamlaza; aelee chali, miguu ikitangulia, hadi afike penye maji yaliyotulia. Kila mmoja avae jaketi okozi tangu dikoni, hata bingwa wa kuogelea. Vaeni na viatu, kwa sababu chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe.

Mpigakafi wa Mjini

Ahsanteni sana, tumeiahirisha Jumamosi ile na tunatazama siku ya kumi tangu mwezi kuandama. Nina suali mbili. Upepo wa Oktoba ukoje upande wa Chwaka? Na je, tunahitaji ruhusa?

Mwenyeji wa Chwaka

Mmechagua vyema. Kusi huwa limeshapungua na kaskazi halijaanza. Kaskazi ndilo la kuogopwa zaidi hapa, kwa kuwa ghuba imefunguka kuelekea upande huo na mawimbi huingia moja kwa moja. Msichelewe hadi Novemba, kwani mvua za vuli huja na dhoruba za ghafla.

Ruhusa ni lazima. Eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, kwa hiyo pitieni kwa wahifadhi, halafu kwa sheha, mkaonane na kamati ya wavuvi. Nakuombeni msikate hata tawi moja la mkandaa (aina ya mkoko) kwa ajili ya upondo, yaani mti wa kusukumia mtumbwi, bali chukueni upondo dikoni. Mwani na madema (mitego ya samaki) ni riziki za watu: zungukeni, msipite juu yake.

Mchukue pia mvuvi mmoja wa hapa awe nahodha, akae mtumbwi wa mbele pamoja na mmoja wa wale wawili, na mwengine akae wa nyuma na mpiga kafi wenu hodari kuliko wote. Kila mtumbwi uwe na kopo la kufulia maji, kamba, filimbi na kafi la akiba. Mwenye diko aambiwe saa ya kurudi. Ikipita saa kumi hamjaonekana, atatuma mashua.