Kijito kipanuliwe kwanza, au nyumba za kando zitoke kwanza? Mjadala wa Mbale, Uganda

MkaziWaBonde
Mulembe wote. Wiki iliyopita walikuja watu wa kupima huku kwetu wakapiga alama nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizo kando ya kile kijito kinachoshuka toka mlima Wanale kuingia mto Nabuyonga. Wanasema kuna mpango, kijito kitanyooshwa, kitapanuliwa, kitajengwa zege pande zote mbili, na nyumba zenye alama zitoke. Kuhusu fidia hawakufungua mdomo. Mkutano ni Alhamisi kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Swali langu ni moja tu. Kwa nini waanze na nyumba wakati kalvati ya barabarani, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, imekufa? Jana nimeteremka mwenyewe na gambuti. Ziko mbili za duara, mtu mzima akiinama alikuwa anapita. Moja imeziba kabisa. Ya pili nimechomeka panga kwenye mchanga ikazama mpaka mpini na sijagusa chini. Mlangoni kuna godoro limenasa na kavera, mifuko ya plastiki, zimejisokota kwenye nondo kama nywele. Sasa maji yakifika hapo yatapita wapi, lazima yarudi kwetu. Usiku ule wa kuamkia 31 Julai 2022 hakuna aliyesahau, mito Nabuyonga na Namatala ilichukua watu zaidi ya ishirini. Naomba tushauriane tukaseme nini Alhamisi.

MwenyePloti
Kwa kalvati niko na wewe. Lakini tuseme ukweli, godoro limejipeleka lenyewe? Sisi tuko hapa tangu miaka ya themanini, mtaro ulikuwa safi na mji huu ulisifiwa Uganda nzima kwa usafi. Shida imekuja na hii mizigo, vyumba kimoja kimoja vya kupangisha. Mpangaji leo yuko hapa, kesho amehamia mtaa wa Namatala, hana uchungu na mtaro wa mtu. Hilo pia mlipeleke mkutanoni.

MamaPacha
Mzee wangu MwenyePloti, shikamoo, lakini hapo umenichoma. Mimi ni mpangaji mwaka wa tisa sasa nyumba ileile. Taka zangu naweka kwenye gunia, kijana wa mkokoteni anachukua, namlipa mwenyewe. Hiyo mizigo ilijengwa na nani? Mpangaji ndiye aliyejenga vyumba sita mgongo kwa mgongo mpaka ukuta wa nyuma ukakanyaga maji?

FundiLevo
Nirudi kwa swali la ndugu yetu. Nimefanya kazi za barabara na mitaro miaka mingi. Kalvati ndiyo koo. Ukipanua mtaro uwe mita 6 halafu koo likabaki lilelile, umetengeneza bwawa. Kazi inaanzia chini inapanda juu: kwanza njia ya kutokea, kisha kalvati, kisha mtaro. Ukianzia juu unamletea jirani wa chini maji kwa kasi ambayo hajawahi kuiona.

Na kuna kitu watu hawapigii hesabu, bati. Mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita mraba 100 ni lita 5,000. Matanki matano ya lita elfu moja kwa nyumba moja, mvua moja. Zamani hayo maji yaliangukia migomba yakazama, leo yanaangukia bati, yanashuka kwenye simenti ya uani, dakika kumi yako mtaroni. Kila aliyejenga anachangia, hata wewe unayekaa mlimani mbali na kijito.

MwenyePloti
MamaPacha, marahaba. Sikusema wewe, nimesema wapangaji kwa jumla. Ukijisikia umeguswa hiyo ni juu yako. Mimi nalipa ushuru wa jengo, mpangaji analipa nini?

MamaPacha
Nakulipa WEWE. Au mtu kama wewe. Huo ushuru unautoa wapi kama si kwa kodi yangu?

BodaWaMjini
Dada amemaliza. Tena wenye nyumba waache kujisafisha hapa, ni wao wanaomwaga kifusi cha ujenzi kijitoni usiku. Nimewabebea mara mbili nikiwa sijui naenda kumwaga wapi, ya tatu nikakataa.

WanaleJuu
Mnapiga kelele za godoro, ule mchanga uliomeza panga umetoka wapi? Najua mtasema ni sisi wa juu na vitunguu vyetu. Nitangulie kujibu. Sisi tunalima mahali babu zetu walilima. Wenye nguvu ya kuchimba fanya juu, mitaro ya kuzuia udongo shambani, tumechimba na nyasi ya nepia tumepanda kwenye kingo. Lakini shamba likiwa robo eka na watoto saba, nani ataacha mita mbili kila kingo zilale bure? Anayetaka mchanga usiteremke atusaidie huku. Msije na zege huko chini mkadhani mlima utanyamaza.

MkaziWaBonde
Mzee wa Wanale hakuna aliyekulaumu hapa.

WanaleJuu
Mtalaumu. Kila mafuriko tunalaumiwa.

MtuWaKasese
Poleni ndugu zangu wa mashariki. Sisi na mto wetu Nyamwamba tunajuana. Mei 2013 ilitupiga, Mei 2020 ikarudi ikaharibu mpaka hospitali ya Kilembe. Na haikuja na maji peke yake, ilikuja na mawe makubwa kama gari, yakajaza mkondo mto ukajitafutia njia katikati ya nyumba. Mto wa mlimani ukiuchimba leo, mvua moja kubwa inaujaza tena. Kwa hiyo msiulize tu nani atachimba. Ulizeni nani atachimba mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi, na mafuta ya tingatinga yatatoka mfuko gani. Hiyo iandikwe kwenye karatasi mkiwa bado mmekaa.

FundiLevo
Kasese umesema jambo kubwa. Kuzibua kila mwaka kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya Agosti. Bila hiyo zege lote ni bure.

SheriaNiMsumeno
Mnazunguka. Sheria iko wazi. Katiba ya 1995 kifungu cha 237 inasema mito na vinamasi serikali inashika kwa amana ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zinakataza kujenga mita 30 toka ukingo wa mto. Aliyejenga ndani ya hizo mita avunje, fidia ya nini? Kampala 2024 si mliona kwenye kinamasi cha Lubigi, tingatinga ziliingia na watu waliokuwa na karatasi mkononi walitoka.

KaratasiNinayo
Wewe msumeno, kwanza si mita 30 kila mahali. Mito iliyotajwa kwenye jedwali ni mita 100, mingine ndiyo 30. Kama hujasoma mpaka jedwali usitutishe. Pili, ulifurahia Lubigi? Mimi nilikuwa na dada yangu kule. Alitoka na sufuria na vitambulisho. Watoto walilala kwenye varanda ya jirani wiki mbili. Yule aliyempigia muhuri wa ujenzi mpaka leo anakaa ofisini.

SheriaNiMsumeno
Pole kwa dada yako, sikufurahia, nimetaja mfano. Mita 100 nakubali. Ila hiyo inafanya hali yenu iwe mbaya zaidi, si nzuri.

KaratasiNinayo
Mita 100 kila upande ukipima toka Nabuyonga unabomoa nusu ya mji na maduka ya wakubwa. Mbona alama nyekundu zimeishia kwetu kwenye kijito? Vuka daraja uone kama kuna ukuta mmoja umepakwa.

MwenyePloti
Hapo sasa KaratasiNinayo umesema. Ile ghorofa mpya imekanyaga ukingo kabisa na haina alama.

MamaPacha
Na mpangaji ndiye aliyeijenga?

MwenyePloti
Mama, tafadhali.

MamaPacha
Hapana, leo tumalizane. Umesema hatuna uchungu na mtaro. Nikwambie ninachosikia mimi. Mvua ikishika saa nane usiku, nasikia mlango wa mwenye nyumba unafunguka, nasikia nondo inagonga simenti huko nyuma. Anafungua ule mfuniko wa chini wa choo ili uchafu uondoke na mafuriko. Miaka tisa. Asubuhi wanangu wanavuka hapo kwenda shule, maji yana rangi ya chai ya maziwa na harufu siwezi kuiandika. Mwaka juzi pacha mmoja alilazwa siku sita kwa kuhara. Nikimwambia mwenye nyumba ananijibu hama. Sasa wewe unayeongea kwa jumla, jibu hilo kwa jumla.

BodaWaMjini
Eeeh. Hiyo ya choo iko kila mahali, watu wanaogopa tu kuisema.

NesiWaJioni
Nathibitisha kwa upande wa kazi yangu. Mvua kubwa ikipita, ndani ya siku chache watoto wa mabondeni wanaanza kuja wamekauka midomo, macho yameingia ndani. Tunawapa ORS, maji ya chumvi na sukari, wanarudi nyumbani kwenye maji yaleyale. Huo mpango wa kijito kama hauna habari ya vyoo hautatupunguzia wagonjwa hata mmoja.

MwenyePloti
Choo changu sijawahi kukifungulia. Lakini nisidanganye, nawajua wanaofanya hivyo. Gari la kunyonya haliwezi kuingia kwetu, njia yenyewe inapita wilibaro. Uniambie mwenye nyumba afanye nini, abebe kwa ndoo?

FundiLevo
Kuna pampu za mkono zinanyonya kwenye mapipa, mapipa yanasukumwa mpaka barabarani gari linapochukulia. Kampala wanatumia. Na hapo ndipo ninaposema njia ya upande mmoja wa kijito iwe ya huduma, mita 4 tu, ipitishe gari la choo, la taka na ekskaveta ya kuzibua. Bila njia ya kufikia mtaro hakuna atakayeuzibua, hata pesa ikiwepo. Mita 4 upande mmoja. Si lazima nyumba zote pande zote mbili.

MkaziWaBonde
Fundi, hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Upande upi?

KaratasiNinayo
Ndiyo hiyo, upande upi? Hapo ndipo jirani na jirani watashikana mashati.

MpungaButaleja
Habari za leo wote, mimi niko chini kabisa, Butaleja, nalima mpunga. Nimesoma tangu juu, mmebishana choo, godoro, ghorofa, hakuna aliyeuliza maji yakishatoka kwenu yanaenda wapi. Yanakuja kwetu. Namatala ikifurika hatuna mlima wa kukimbilia, maji yanakaa juu ya mpunga wiki nzima mpaka unaoza umesimama. Mkinyoosha na kuweka zege, yale maji yaliyokuwa yanachukua nusu siku kutufikia yatakuja kwa muda wa saa mbili tu. Kinamasi kilichokuwa kinayapumzisha njiani kimekatwa mashamba.

SheriaNiMsumeno
Si ni nyinyi mliokikata kwa huo mpunga?

MpungaButaleja
Tulihimizwa tulime mpunga. Leo tumekuwa wahalifu. Nimelea watoto watano kwa mpunga huo. Shamba langu liko nje ya kinamasi na maji yanalifikia vilevile.

FundiLevo
Msumeno punguza. Mzee wa Butaleja ana hoja na mimi ningeiweka mbele. Kijito kisinyooshwe, kona zake zinapunguza kasi. Zege liwekwe pale tu ukingo unapokatika, kwingine nyavu za mawe na nyasi. Kisha pale juu kabla ya nyumba kuna uwanda wa malisho, hapo pachimbwe mabwawa mawili matatu ya kushika maji na mchanga. Mchanga ukituama hapo, vijana wanauchota wanauza, kuzibua kumejilipa.

WanaleJuu
Uwanda wa malisho wa nani?

FundiLevo
Sijui ni wa nani mzee.

WanaleJuu
Ni wetu. Nilijua mtafika hapo. Walioporomokewa na mlima kule Nametsi Machi 2010 walipelekwa Kiryandongo, wa Bukalasi 2018 wakapelekwa Bunambutye, na wako waliorudi maana pale hapakuwa kwao. Mtu wa mlimani akisikia neno mpango anashika jembe lake. Njooni mkae na sisi kwanza, mtuambie mwenye ng'ombe atalishia wapi. Sijakataa. Nasema njooni.

KaratasiNinayo
Basi mzee aje Alhamisi. Naomba kwa heshima.

WanaleJuu
Nani amenialika? Barua imeenda kwenu wa chini tu.

MkaziWaBonde
Nakualika mimi. Naandika ya kusema Alhamisi, nisahihisheni: kalvati kwanza kabla ya nyumba kuguswa, njia ya huduma upande mmoja, fidia iandikwe kabla ya tingatinga, pesa ya kuzibua kila mwaka, na wa Wanale na Butaleja waitwe. Na ile ghorofa ipimwe kama sisi.

MamaPacha
Na wapangaji wapewe nafasi ya kusema. Fidia itaenda kwa mwenye ukuta, mimi nitapewa siku tatu nitoke na pacha wangu niende wapi? Hilo halimo kwenye orodha yako kaka.

MkaziWaBonde
Kweli, nimesahau. Naliongeza.

MwenyePloti
Fidia ya mpangaji inatoka wapi tena, ana nini pale cha kufidiwa?

MamaPacha
Miaka tisa mzee. Niko tayari kukuhesabia mwezi kwa mwezi, risiti ninazo zote kwenye bahasha ambayo usiku ule wa 2022 niliibeba kichwani kabla sijabeba kitu kingine chochote isipokuwa watoto.