Ndugu yangu alikuwa na depresheni, sasa halali na anasema amepona. Ni kawaida?

MamaBrayo_Nax: Wadau naomba msaada. Ndugu yangu alikuwa chini miezi mingi, hali chakula, haongei, kulala tu mchana, akaandikiwa floksetini, dawa ya depresheni, kliniki. Akaanza kuchangamka tukashukuru Mungu, lakini wiki hii mambo yamepita mpaka, usiku analala masaa mawili na hachoki, anaongea mbio hata humshiki, amekopa kwa simu ati ananunua matatu ya Nakuru–Eldoret. Mama anasema maombi yamejibiwa, shangazi anasema amerogwa. Mimi naogopa. Amepona ama?

nesi_kondele: Pole sana dada, huko si kupona. Mimi ni nesi huku Kisumu na hii naiona sana. Inafanana na baipola, ugonjwa wa mudi kupanda juu sana halafu kushuka chini sana. Mtu wa baipola huja hospitali akiwa chini, nani atapanga laini kulalamika ati ana raha na nguvu nyingi? Kwa hivyo daktari anaona depresheni peke yake. Sasa dawa ya depresheni bila dawa ya kusawazisha mudi inaweza kumrusha mtu wa baipola juu, na huko juu ndio mania, nayo ni ugonjwa. Mrudishe leo, na uingie naye ndani kwa daktari maana yeye atasema yuko fiti. Taja usingizi, madeni, hayo maneno ya mbio. Dawa msibadilishe wenyewe, daktari ndiye ataamua. Akianza kutaja kufa mpelekeni hata usiku, msimwache peke yake.

Mkakamega_: Mimi niko na baipola, natumia lithiamu, hiyo ya kusawazisha mudi. Ni dawa ya zamani, daktari Cade wa Australia aliandika juu yake 1949 na bado inafanya kazi. Lakini damu lazima ipimwe, kiwango cha dawa, figo na thairodi (tezi ya shingoni), kwa sababu ikizidi inakuwa sumu, ukiharisha sana ama ukimeza Brufen ya maumivu ovyo inapanda. Kuna valproeti pia, ila kwa msichana wa kuzaa madaktari huiepuka, inadhuru mtoto tumboni. Maombi endeleeni, hata mimi naomba na dawa nameza.

MamaBrayo_Nax: Asanteni sana. Mnanikumbusha baba mdogo, aliwahi kuuza ng'ombe wote kwa wiki moja halafu akajifungia nyumbani mwaka mzima, sisi tulisema ni pombe.

nesi_kondele: Hiyo ya baba mdogo ndio uanze nayo ukifika kwa daktari, kabla hata ya hiyo ya matatu. Baipola hutembea kwa familia.