Tupeane uzoefu: nani amewahi kumpeleka mwajiri CMA mwenyewe, bila wakili?

Stoo Kuu

Wakuu, habari za mchana. Tangu niropoke kijiweni kwamba kesi yangu niliiendesha mwenyewe, watu hawaishi kuniuliza wakili nilimlipa kiasi gani. Sikumlipa kwa sababu hakuwepo. Basi tufungue uzi. Kila aliyepita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndiyo hiyo CMA, aeleze alivyopita, awe alishinda au aligaragazwa. Majina ya kampuni na mabosi tuyaache.

Naanza mimi. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere. Mzigo ukapungua kwenye hesabu, meneja akanisimamisha mbele ya vijana wa kupakia akaniambia nisionekane tena pale. Hakuna barua, hakuna kikao. Jirani yangu Tabata ni mwanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi, akaniambia: una siku 30 tangu kuachishwa, usikae ndani ukisubiri wakuonee huruma. Kufungua shauri ni bure. Unachukua fomu namba 1, unajaza.

Sasa kwenye hiyo fomu kuna sehemu watu wanaipita mbio: unadai nini. Ukiandika "nadai haki zangu" umejinyima mwenyewe. Mimi nilitenganisha kila kitu: notisi ya siku 28, likizo ambayo sikupewa, mshahara wa siku nilizofanya kazi, kiinua mgongo, fidia ya kuachishwa isivyo halali, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tuseme mshahara wa msingi ni 390,000 na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Gawa kwa 26, unapata 15,000 kwa siku. Mara 7 ni 105,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni 420,000. Ukitua mezani na hesabu ya namna hiyo, hata wakili wao anaacha kukuita "kijana".

Halafu nakala ya fomu unampelekea mwajiri wewe mwenyewe, na unarudi na uthibitisho kwamba kafikishiwa. Hapo ndipo kuna sinema. Mlinzi wa getini, mtu niliyekuwa nakunywa naye chai kila asubuhi, akapiga simu ndani, akasikiliza, akanirudishia bahasha kwa ncha za vidole kama imepakwa pilipili. "Kaka, wamesema nisiguse." Sikubishana naye, ana watoto. Nikapanda boda hadi Posta, nikaituma kwa rejista, risiti nikaipiga pini kwenye nakala yangu. Ikakubalika.

Kwenye usuluhishi wakaja na laki tano, "tuishie hapa". Nikakataa, tukaenda kwenye uamuzi. Huko mambo yakageuka, maana kwenye kuachishwa kazi siyo wewe unayethibitisha kwamba umeonewa. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuachisha kihalali. Mwamuzi akauliza kikao cha nidhamu kilikaa lini. Meneja akamwangalia wakili, wakili akafungua faili, akalifunga. Kabla tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, haijaandikwa wakaomba tuelewane. Kiasi sisemi, mashemeji zangu wamo humu.

Lindo la Usiku

Stoo, wewe ulipata jirani. Mimi nilipata bosi mwenye maneno matamu. Kampuni ya ulinzi, lindo la Masaki, wakanitoa wakisema mteja amepunguza walinzi, "subiri nyumbani tutakuita". Nikasubiri. Kila nikipiga simu naambiwa wiki ijayo. Nilipozinduka siku 30 zimepita.

Ukichelewa bado unaweza kuomba kupokelewa nje ya muda, kuna fomu namba 2 na kiapo, ila lazima utoe sababu ya msingi. Yangu ilikuwa "niliahidiwa nitaitwa". Wakili wao akasimama akasema ahadi ya mdomo haisimamishi siku. Nikakataliwa. Kilichoniponya ni kwamba nilikuwa pia nadai mishahara, na madai yasiyo ya kuachishwa kazi muda wake ni siku 60. Hayo niliyafungua peke yake, nikalipwa. Kazi ndiyo ilikwenda hivyo.

Walinzi wenzangu mnaosoma hapa mkiwa lindoni: "tutakuita" siyo barua.

Binti Mbagala

Jamani mimi nilishinda mapema kuliko wote na bado nilisota. Nilikuwa mhudumu wa mgahawa, nimedai malimbikizo ya mshahara. Siku ya usuluhishi tajiri hakutokea wala hakutuma mtu, na uthibitisho wa kumfikishia wito ulikuwepo. Sheria inaruhusu msuluhishi kuamua shauri pale mlalamikiwa asipofika. (Na wewe mlalamikaji usipofika, linafutwa. Foleni ya Mbagala siyo utetezi, toka mapema.) Nikapewa uamuzi wangu nikatoka napiga vigelegele.

Kumbe nilimshtaki bango. Jina nililoandika kwenye fomu lilikuwa lile la pale mlangoni, lenye picha ya samaki. Nilipokwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kukazia uamuzi, yaani alazimishwe kunilipa, wakaja na hoja kwamba hakuna kampuni ya jina hilo. Kampuni halisi ilisajiliwa BRELA, kule wanakosajili kampuni, kwa jina jingine kabisa. Nikarudi nyuma kurekebisha, na wakati huo tajiri anahamisha majiko. Mwishowe nililipwa kwa mafungu, fungu la mwisho nalidai mpaka leo.

Angalieni slipu ya mshahara, kitambulisho cha kazi, michango yenu ya NSSF, meseji ya benki mshahara unapoingia. Jina lililoko huko ndilo la kuanzia, na BRELA mnaweza kulihakiki mtandaoni.

Deiwaka wa Vingunguti

Mimi sina mkataba, nalipwa kila jioni kiwandani, mwaka wa tatu huu. Hivi na sisi tunasikilizwa huko au tunajisumbua?

Mzee Faili

Kijana, mnasikilizwa. Nimefanya kazi ya utumishi kwenye viwanda vya mji huu hadi nilipostaafu, nimekaa upande ule mwingine wa meza mara nyingi, kwa hiyo nawapa ya ndani kidogo.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi kunamuumiza zaidi mwajiri. Yeye ndiye anayetakiwa na sheria kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inakuhesabu kuwa mwajiriwa ukiwa na dalili kama hizi: wao ndio wanaokupangia kazi na saa, vifaa ni vyao, au umewafanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 ya mwisho. Wewe mwaka wa tatu! Anza kuandika kwenye daftari siku unazoingia, na ukumbuke nani anakulipa. Wenzako wa zamu ndio mashahidi, ingawa waliobaki kazini huwa wanaogopa. Tafuta aliyekwisha kuondoka.

Jingine. Waajiri wengi hawashindwi kwenye sababu, wanashindwa kwenye utaratibu. Mtu kaiba kweli, kamera imemuona, lakini kaitwa kikaoni asubuhi na kufukuzwa mchana. Mwongozo wa kuachisha kazi unataka apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aambiwe kosa lake, aruhusiwe kuja na mwenzake au kiongozi wa chama. Nilikuwa nawaambia wakurugenzi hivyo, wananijibu "mzee unamtetea mwizi". Baadaye wanalipa.

Ticha wa Tegeta

Shikamoo mzee Faili. Na mimi nitie langu, halikunoga. Shule binafsi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umehuishwa mara kadhaa. Desemba wakanyamaza, Januari nakuta mwalimu mpya kwenye meza yangu. Nikaenda CMA na hasira zangu nikadai nimefukuzwa. Jibu lao fupi: mkataba umeisha wenyewe.

Kwenye mkataba wa muda maalumu ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa. Mimi nilikuwa na meseji ya mkuu wa shule ya Novemba akinipangia vipindi vya muhula ujao, ila simu ile nilikuwa nimeshaiuza Kariakoo. Nikalipwa likizo tu.

Mama Zawadi

Akina dada wa maofisini, hii yenu. Wakikuita chumbani na kukuambia "andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tusikuharibie jina", kalamu usishike. Ukishaandika, unahesabiwa umeacha kwa hiari, na ukitaka kusema ulilazimishwa, kuthibitisha ni juu yako. Mimi niliomba kwenda chooni, nikampigia mdogo wangu aliyewahi kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria, akaniambia toka hapo uende nyumbani. Kesho yake wakanipa barua ya kuniachisha. Barua hiyo ndiyo niliyoipeleka CMA. Tulisuluhishwa siku ya kwanza na sijutii. Nina mtoto wa kunyonyesha, sikuwa na nguvu ya kuahirishwa kila mara. Stoo, siyo kila mtu akatae laki tano.

Stoo Kuu

Dada, hapo nakubali. Ila mtu akisaini makubaliano ahakikishe yameandikwa kiasi, tarehe ya kulipwa na jina la anayelipa. "Watamlipa stahiki zake" ni sentensi ya kukutesa.

Mgeni Ubungo

Nimepewa barua Ijumaa iliyopita, kazi nilikuwa nafanyia Chang'ombe lakini naishi Ubungo. Naanzia wapi? Na naweza kwenda na kaka yangu aniongelee, mimi huwa natetemeka?

Stoo Kuu

Pole sana mkuu. Dar mashauri yamegawanywa kwa maeneo, kama Ilala, Kinondoni na Temeke, kinachoangaliwa ni mgogoro ulipotokea, siyo unapolala. Chang'ombe ni Temeke. Kaka yako anaruhusiwa, sheria inakubali mwakilishi wako binafsi, siyo lazima awe wakili. Barua ipige picha leo, toa na kopi, halafu tarehe iliyoandikwa juu yake ilinganishe na siku uliyoipokea kweli. Kama zinatofautiana, wewe hesabu siku 30 kwa kutumia ile ya mapema, usiwape nafasi ya kubishana. Umefanya hapo zaidi ya miezi 6? Chini ya hapo hoja ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu, unabaki na malipo yako mengine. Tuandikie hiyo kwanza.

Mgeni Ubungo

Miezi 14. Barua ina tarehe ya Jumatatu, nimeipokea Ijumaa.

Stoo Kuu

Basi hesabu tangu Jumatatu. Na bahasha usiitupe.