Kiboksi cha laini cha alamu: taa ya njano inapepesa na umeme ukikatika kinazima kabisa

DukaMwaloni
Wakuu habari za muda huu. Nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, nyavu, kamba, taa za dagaa na mashine chache za boti. Nilifungiwa alamu, paneli iko ukutani na pembeni yake kuna kiboksi kinachotumia laini ya simu, hicho ndo kinatakiwa kunitumia taarifa mtu akivunja. Kina taa mbili za kijani, moja nyekundu na moja ya njano. Kijani zinawaka vizuri, nyekundu inapepesa mara moja moja, ila siku hizi ya njano inapepesa inatulia inarudia tena hivyo hivyo. Alafu juzi usiku umeme umekatika, mlinzi ananiambia kiboksi kilizima chote wakati paneli iliendelea kuwaka kwa betri yake. Hizo taa zinasema nini, na kwanini kizime wakati betri ipo? Fundi aliyefunga hapokei simu na mtaji wangu wote uko mle ndani, naombeni msaada.

fundi_Nyakato
Pole sana mkuu. Hayo yanaweza kuwa matatizo mawili tofauti.

Njano kwenye viboksi vingi ni taa ya hitilafu. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla haijatulia, hiyo ndo namba ya kosa, kisha angalia karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko au kitabu chake. Usichukue jedwali la kampuni nyingine, mara nne kwa huyu ni kitu kimoja na kwa yule ni kingine kabisa. Nyekundu kupepesa mara nyingi ni mawasiliano tu. Kijani ni nguvu ya mtandao, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, kijani inakwambia mnara unasomeka, haikwambii kwamba taarifa imefika. Laini iliyoishiwa bando inakuwakia kijani vizuri tu.

Hilo la kuzima ndo linanitia hofu zaidi. Fuata waya wa umeme wa kiboksi kwa mkono mpaka mwisho uone unaishia wapi alafu uje useme.

DukaMwaloni
Nimefuata mkuu. Unapita nyuma ya shelfu unaingia kwenye adapta ndogo, imechomekwa ekstenshen moja na friji ya soda. Njano inapepesa mara nne, karatasi ya ndani inasema nne ni kushindwa kufika kwenye seva, yaani ile kompyuta inayopokea taarifa za alamu.

fundi_Nyakato
Basi jibu la kuzima ndo hilo, kiboksi hakijaunganishwa na betri kabisa. Mwizi akichomoa ekstenshen tu umebaki na king'ora. Kinatakiwa kichukue umeme kwenye paneli, zile skrubu zilizoandikwa AUX, maana hapo umeme ukikatika betri inashika palepale. Kabla ya kuhamisha soma kiboksi kinataka volti ngapi na AUX inaweza kutoa kiasi gani. Kikitulia kinavuta kidogo, ila kikianza kutuma kinavuta kwa mipigo mifupi mikubwa, moduli ya 2G (kile kipande cha simu kilichomo ndani) inaweza kufika ampea 2 kwenye mpigo mmoja, kwaiyo waya mwembamba na betri iliyochoka vitakiangusha pale pale unapokihitaji.

Na betri usiipime umeme ukiwepo. Utaona volti 13.6 au 13.8 ufurahi, kumbe hiyo ni chaja. Wewe unauza taa za dagaa unajua, betri mbovu inasoma vizuri dukani ikifika ziwani inakata. Zima umeme kwanza, acha ifanye kazi saa kadhaa ndo upime, betri ya volti 12 ikishuka karibu na 10.5 imekwisha. Hesabu yake, betri ya 7Ah (yaani ampea 7 kwa saa moja) ikibeba mzigo wote wa miliampea 250 ni saa 28 kwa karatasi, betri ya miaka mitatu minne kwenye joto la bati utapata pungufu sana.

dada_Buzuruga
Kaka na hiyo ya seva angalia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Mafundi wengi wanaweka laini zao, bando likiisha meseji ya kukumbushwa inaingia kwenye kiboksi hamna anayeisoma. Itoe uweke kwenye simu, piga *106# uone usajili, alafu angalia salio.

Mimi kwenye duka la dawa kiboksi changu kina njia mbili, waya wa rauta ndo wa kwanza na laini ni akiba. Akiba inaweza kufa kimya kwa sababu njia ya kwanza inafanya kazi na wewe unaona taarifa zinakuja. Kwaiyo kila mwezi nachomoa waya wa rauta nasubiri, njano inawaka, taarifa inakuja kwa laini, narudisha. Isipokuja namwita fundi siku hiyohiyo.

wa_Ukerewe
Nyongeza kidogo, akitokea mtu akakushauri kununua kingine cha mtumba mtandaoni kuwa makini. Marekani kampuni ya simu ya AT&T walizima 3G Februari 2022, kwaiyo viboksi vya kule vinauzwa bei ya kutupa, na hata 2G yao ilikuwa masafa ya 850 na 1900 wakati huku 2G ni 900 na 1800. Kinaweza kuwaka taa ila mnara kisiupate.

DukaMwaloni
Asanteni sana. Laini kweli imesajiliwa kwa jina la fundi na bando hamna. Kesho naweka laini yangu na kuna kijana wa umeme atahamisha waya kwenye AUX.

fundi_Nyakato
Safi. Akimaliza msimruhusu aondoke. Zimeni swichi kubwa, washa alamu, fungua mlango ipige, ungoje meseji kwenye simu yako. Acha umeme ukiwa umezimwa, rudieni tena baada ya saa nne, na mlinzi awe anajua ili asikimbilie kuita watu. Antena nayo itoke nyuma ya hizo shelfu za chuma, ipande juu.