Re: Bibi wa Kipolandi na picha ya baba yake ukutani

> Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni wa Tukuyu, nina wiki ya tatu kwenye kazi ya kea (kutunza wazee) hapa Nottingham. Kuna bibi mmoja Mpolandi, nikiingia ananyamaza, anatazama tu picha ya baba yake mwenye sare za jeshi la anga. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu, kamwene.

Kwanza vua koti. Ukiingia na koti mwilini, mzee anajua umekuja kumaliza dakika zako uondoke. Halafu muulize huyo wa kwenye picha ni nani, hata kama unajua.

Nilimhudumia bibi kama huyo hapa Newark miaka miwili. (Jina lake sitaliandika, na wewe la wako usiliandike humu, ni kosa kazini.) Baba yake alikuwa mkulima mashariki mwa Poland. Februari 1940 Warusi waliisomba familia nzima kwa treni hadi Siberia. Wajerumani walipoivamia Urusi mwaka 1941, Wapolandi wakafunguliwa, wakaunda jeshi lao, na 1942 wakavuka kuingia Uajemi. Hapo ndipo familia ilipogawanyika: baba akaja Uingereza kwenye kikosi cha anga cha Wapolandi, mama na watoto wakapandishwa meli kwenda Tanganyika. Wengi walipelekwa Tengeru, wengine Kidugala, na hawa wakafikia Ifunda. Ifunda yetu, nilikozaliwa mimi!

Baba alikuwa kikosi namba 300, uwanja wa Faldingworth, Lincolnshire, si mbali na hapa. Alikaa mkiani mwa ndege ya mabomu, Lancaster, peke yake na bunduki nne, wenzake sita wote wako mbele. Saa nyingi usiku, baridi kali, anatazama walikotoka. Kwa kawaida ilibidi mtu amalize safari 30 ndipo apumzishwe, na wengi hawakufika huko. Katikati ya hayo akapata barua kutoka Ifunda: mtoto wake wa mwisho amefariki, wameshamzika. Barua yenyewe ilikuwa imekaa njiani miezi.

Vita vilipoisha, kijiji chao kilikuwa kimebaki upande wa Urusi. Arudi wapi? Familia ikamfuata 1948, wakaishi kwenye mabanda ya bati katika uwanja wa zamani wa ndege, naye akapata kazi ya kupakia magunia kiwandani. Bibi aliniambia baba hakusimulia vita hata siku moja, ila kwenye basi alikaa kiti cha nyuma kabisa, miaka yote, hata basi likiwa tupu.

Mimi nilikaa miezi minne bila kujua lolote kati ya haya, nikimnywesha dawa na kumwandikia ripoti. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku nilipomtajia Ifunda alinishika mkono, akasema kwa Kiswahili, "Maji moto iko?"

Mambo mengine kwa haraka. Usihamishe medali wala picha unapofuta vumbi. Wazee wakipoteza kumbukumbu hurudi kwenye lugha ya utotoni, kwa hiyo jifunze maneno ya Kipolandi ya maumivu, choo na maji, uyaandike kwenye kadi. Familia ikiulizia faili la baba jeshini, kumbukumbu za wanajeshi zimekuwa zikihamishiwa Nyaraka za Taifa, Kew. Waombe wao wenyewe, wewe usijiingize. Na kama wanaweza kumtoa, makaburi ya wanaanga wa Kipolandi yako hapa Newark. Hata jenerali wao Sikorski alikuwa amezikwa hapa hadi 1993, mabaki yake yalipopelekwa kwao.

Makaburi ya Wapolandi yapo hata Ifunda. Nilimwomba mama aende, akapiga picha akanitumia kwa WhatsApp. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akamtafuta mdogo wake kwenye kila msalaba, kisha akauliza nani anafyeka nyasi. Nikamwambia ni watu wa kwetu.

Uniandikie ukishamuuliza.

Dada yako wa Ifunda,
Newark